Nyayo za Mji wa Tisa

Ninyi mnaojiandikisha kwenda Mji wa Kumi, siku ya kwanza mtavalishwa bangili. Ni ya kijivu, nyepesi, ukishaizoea huikumbuki tena. Mtaambiwa msiivue siku arobaini, wala msimpe mtu. Mtaitikia ndiyo, kama tulivyoitikia sisi. Kabla hamjaitikia, sikilizeni yaliyotukuta wa Mji wa Tisa.

Siku ya thelathini na tisa, asubuhi, tuliitwa kwenye banda kubwa tuoneshwe mji wetu. Mji wenyewe haukuwepo bado. Kulikuwa na mahema, matangi mawili ya maji, kontena la Mhandisi, na ardhi nyekundu inayokwenda mpaka unachoka kuitazama. Nje ya banda zilipangwa mashine za kumwaga kuta, kumi na mbili, shingo zimeinama, zinasubiri kuambiwa zianzie wapi.

Mhandisi Kitomari akapanda juu ya sanduku. Ni mtu mwembamba, sauti yake ndogo, ikabidi tunyamazishe watoto.

"Mji wa Nane ulichorwa ofisini," akasema. "Huu wa Tisa mmeuchora wenyewe, kwa miguu yenu. Mchoraji amekusanya tu."

Mchoraji ni ile nguzo nyeusi iliyosimama katikati ya banda, haina uso wala mikono. Mwanga ukaitoka, ukatandazika juu ya mchanga kama mkeka, na ndani ya mwanga mkawa na barabara, mitaa, nyumba ndogondogo, kila nyumba na jina la mwenyewe. Shule ile pale. Zahanati ile. Soko la wanawake lina paa. Wanawake tulipiga vigelegele mpaka watoto wachanga wakaamka wakilia. Sisi tulitoka deltani, bahari ilishakunywa mashamba yetu ya mpunga na makaburi ya wazee wetu, na tulikaa kambini miaka sita. Kuona jina lako limeandikwa juu ya nyumba si jambo dogo.

Nikalitafuta langu. Siwema Ngwele, nyumba ya tatu kutoka shuleni. Jiko lina dirisha. Nikainama nikaligusa lile dirisha, mwanga ukanipanda kwenye vidole.

Halafu nikatazama vizuri. Nikaona matangi yako wapi, kontena liko wapi, mwinuko wa kaskazini wenye upepo uko wapi. Mji wote ulikuwa umelala chini, upande wa kusini, mahali penye umbo refu la kupindapinda.

"Mama Siku," nikamwambia jirani yangu wa hema, "pale ni wapi? Mimi sijawahi kufika pale."

Mama Siku akanifinya ubavuni, akatabasamu mbele kama anayepigwa picha. "Wala mimi. Hebu nyamaza."

*

Lazima niwaeleze, maana hapa ndipo kosa lilipo.

Bangili haihesabu hatua tu. Inasoma moyo. Ukienda mahali moyo ukachangamka, inaandika kwamba mwenye bangili anapapenda. Ukipita mahali moyo ukasinyaa, inaandika pia. Siku arobaini zikikaribia kuisha, Mchoraji anazijumlisha nyayo zote na mioyo yote, anaweka mji panapopendwa. Ndivyo tulivyofundishwa siku ya kwanza, na nadhani ni kweli.

Wiki ya kwanza ikaja habari, sijui nani aliianzisha, kwamba mwanamke atakayeonekana anatembea sana kufuata maji ndiye atakayewekewa bomba mlangoni. Nani asiyetaka bomba mlangoni? Lakini wanawake tulikuwa na kazi ya kushona vitambaa vya kuzifunika mashine jua lisizipasue, tunaanza alfajiri, tunamaliza jua linapinda. Na kwetu deltani maji ni kazi ya mtoto. Mwanamke mwenye mtoto wa miaka minane akionekana na ndoo kichwani mwake, watu humuuliza mtoto kaugua nini.

Kwa hiyo tuliwafunga watoto bangili zetu, juu ya kiwiko kwa kuwa mikono yao ni myembamba, tukawapa ndoo. Hatukuona kama tunadanganya. Mtoto ukimtuma, mguu wake ni mguu wako. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Jioni akirudi unaivaa mwenyewe, unalala nayo.

Tulikuwa wanawake mia mbili na kumi. Sidhani kama walikuwepo ishirini ambao hawakufanya hivyo.

*

Mchana ule nilimwambia binti yangu, "Hadia, nipeleke mnakopita mkienda kuchota maji."

Akanitazama kama mtu aliyekamatwa. "Foleni ilikuwa ndefu, mama. Kila siku."

"Sikugombezi. Nipeleke tu."

Alinipeleka, na kila tulivyotembea aliongeza mwendo, mpaka akaanza kukimbia. Ardhi ikainama, ikafunguka. Lilikuwa korongo. Chini kulikuwa na mchanga mweupe laini, mpana kuliko barabara yoyote, na kingo zake mbili zimesimama kama kuta. Migunga mikubwa imeota humo chini, kandokando ya kingo, imelitia kivuli. Baada ya joto la kule juu, ubaridi wa pale ulinipiga usoni kama nimefungua mlango wa chumba cha barafu.

Watoto walikuwepo zaidi ya mia. Wanateleza kutoka ukingoni juu ya vipande vya maboksi, wanapiga kelele, wanapanda tena. Kila mmoja ana bangili ya mama yake juu ya kiwiko. Ndoo zao zimepangwa kivulini, tupu. Nikaelewa hapohapo Mchoraji aliona nini: wanawake wazima mia na kitu, kila siku tangu saa sita hadi saa tisa, wamekusanyika mahali pamoja, mioyo inawadunda kwa furaha. Ningekuwa mimi ndiye Mchoraji, ningejenga palepale.

Nilicheka, kusema kweli. Nilikuwa bado nacheka Hadia alipookota jiwe akalirusha juu ya mti.

"Sisi tunalipiga lile dumu," akasema. "Mimi nimelipata mara nne."

Nikainua macho. Juu ya mgunga, kwenye panda ya tawi, lilikuwa limenasa dumu la plastiki la lita ishirini, limepauka kwa jua.

"Nani alipanda akaliweka?"

"Hakuna. Tumelikuta."

Sisi watu wa delta tunajua kusoma mti. Maji yakishuka yanaacha mstari, na kwenye mstari huo yanaacha takataka zake. Nilianza kuangalia mti kwa mti. Manyasi makavu yalikuwa yamejisokota kwenye matawi, yote yameelekea upande mmoja, yote kwenye kimo kimoja na lile dumu. Kimo cha watu watatu na nusu. Mbele kidogo kulikuwa na jiwe kubwa kama jokofu, limekaa juu ya gogo lililovunjika. Nililizunguka lile jiwe mara mbili. Jiwe lilikuwa juu, gogo chini. Nilijaribu kufikiri ni maji gani yanayoweza kunyanyua jiwe la namna ile, nikashindwa, kwa sababu maji ya kwetu hayafanyi hivyo.

"Okoteni ndoo," nikawaambia watoto. "Wote. Pandeni juu."

"Mama Hadia, bado mapema!"

"Pandeni, nasema!"

*

Mama Siku nilimkuta anachambua mchele. Mume wake alifia kambini, ana watoto wanne, na mkubwa, Sikudhani, ndiye aliyekuwa akivaa bangili yake. Nilimweleza yote. Hakuacha kuchambua.

"Limekauka miaka mingapi?" akauliza.

"Sijui."

"Hujui. Basi sikiliza, mwenzangu. Adhabu ya kumpa mtu bangili unaijua?"

"Naijua."

"Itaje."

"Unanyang'anywa kiwanja."

"Na unarudishwa kambini. Mimi kambini nilimzika mtu. Nina watoto wanne na jina langu liko juu ya nyumba, nimeliona kwa macho yangu leo asubuhi. Wewe unaniletea habari za dumu."

"Shule iko katikati ya lile korongo, Mama Siku. Watoto watakuwa humo ndani maji yakija."

"Yakija tutayasikia. Sisi si watu wa mafuriko? Maji yanapanda, unahamisha kuku, unahamisha godoro, unahamisha watoto. Nimefanya hivyo mara ngapi?"

"Yale ya kwetu yanapanda. Haya yanashuka. Yanatoka huko milimani, mvua imenyesha mahali ambapo huioni, juu yako jua linawaka."

Akaweka ungo chini. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa vumbi.

"Ukienda kusema," akasema, "jiseme wewe. Mimi usinitaje."

*

Mhandisi Kitomari nilimkuta nyuma ya kontena lake jua linaelekea kuzama, anafua shati kwenye beseni. Aliona haya, akafuta mapovu mikononi.

"Karibu, mama. Nyumba imekupendeza?"

"Mhandisi, pale mnapojenga ni njia ya maji."

"Ni korongo, ndiyo. Mchoraji anajua."

"Anajua, na bado anajenga?"

Akashusha pumzi. Alinieleza, na nitawaeleza kama nilivyoelewa. Mchoraji ana kumbukumbu za angani za miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo lile korongo halijapitisha maji hata siku moja. Amepima hatari, akaona ipo, lakini ndogo. Akaiweka kwenye mizani. Upande wa pili wa mizani akaweka wanawake karibu mia mbili wanaopapenda pale kuliko mahali popote.

"Wewe ni mhandisi," nikamwambia. "Mkatalie."

"Kwa lipi? Mji wa Nane ulichorwa na watu kama mimi. Tuliweka zahanati ubavuni mwa jalala kwa sababu kwenye ramani palikuwa katikati. Watu waliuhama ndani ya miaka miwili, zikabaki kuta. Ndipo ikaandikwa kwamba nyayo zinashinda ramani." Akalikamua shati. "Sheria hiyo ilitungwa kunizuia mimi, mama. Na ni sheria nzuri."

"Na nyayo zikiwa za uongo?"

Mikono yake ikasimama juu ya shati.

"Fikiri kabla hujaendelea," akasema polepole. "Ukiniambia jambo, nitalazimika kulisikia."

Nilifikiri. Nilifikiri lile dirisha la jiko. Halafu nikamwambia: bangili yangu imevaliwa na mwanangu, siku thelathini na saba.

Alikaa juu ya ngazi ya kontena. Hakunigombeza, ingawa ningependa anigombeze. Alisema bangili moja haibadilishi kitu. Nitafutwa kwenye orodha na mji utajengwa palepale. Ili mchoro ufutwe, na mji uchorwe upya bila nyayo za wanawake, lazima ithibitike kwamba theluthi ya bangili za wanawake hazikuvaliwa na wenyewe. Theluthi ni sabini. Na uthibitisho ni kumpitisha mtoto mbele ya Mchoraji, atambue mwendo wake. Kinywa hakitoshi, maana leo mchana walishakuja wanaume wakajisingizia makosa ili soko lihamie kwa ndugu zao.

"Kesho saa sita mchana mchoro unapigwa muhuri," akasema. "Baada ya hapo mashine zinamwaga, na ukuta wa mashine hizi hauvunjiki ila kwa baruti. Nipe majina. Nitawaita asubuhi na watoto wao, tuwapitishe, yaishe."

"Na viwanja vyao?"

"Wanapoteza. Wote waliotoa bangili. Hata mimi sina uwezo juu ya hilo."

Majina nilikuwa nayo. Ningeweza kuyataja kwa mpangilio wa mahema, kuanzia la kwangu kwenda kushoto, na hema la kwanza kushoto lilikuwa la Mama Siku. Kuwataja sabini kungekuwa kuokoa mji mzima. Hesabu hiyo Mchoraji angeifanya mara moja.

"Sitakutajia mtu," nikasema. "Nitawaleta kwa miguu yao."

"Wasipokuja?"

"Utanifuta peke yangu."

Mnaweza kunilaumu kwa jibu hilo. Kama wangekuja sitini na tisa, sijui ningefanya nini na mdomo wangu. Mpaka leo sijui.

*

Asubuhi kwenye matangi ndiko wanawake wanakopatikana wote, wakigawiwa maji ya kupikia, ambayo hapewi mtoto. Foleni ile ilikuwa chini ya Bi Zawena, mwanamke mrefu, mkubwa wa sauti, hakuna aliyethubutu kumruka. Nilisema yangu yote palepale, nimesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Jamani, mtabiri kaja," akasema Bi Zawena. "Haya tuambie, Mama Hadia, mvua lini? Tuanike au tusianike?"

Wakacheka. Mwingine akasema, "Kiwanja chake hakimpendezi, anataka tukose wote." Mwingine, "Nyumba ya tatu kutoka shuleni! Ningepewa mimi ningelala mlangoni nikailinda."

"Sina haja ya kuaminiwa," nikasema. "Nawaomba mje mtazame miti. Mkitazama mkaona hakuna kitu, nitakwenda kufutwa peke yangu na mtanicheka mpaka mchoke. Ila njooni na macho ya kwetu."

"Na maji yangu nani atayalinda?"

"Bi Zawena, nani atakuibia maji wewe?"

Hapo walicheka kweli, naye akacheka, na nafikiri kicheko hicho ndicho kilichowatoa. Walikuja labda mia. Bi Zawena alibeba fito ya katikati ya hema, akisema ni ya kunichapia nikiwa muongo.

Tulifika chini. Sikuwaonesha. Niliona tu vichwa vikiinuka kimoja kimoja, macho yakienda mti kwa mti, manyasi kwa manyasi. Mwanamke mmoja akaenda kwenye lile jiwe lililo juu ya gogo, akaweka kiganja chake juu yake, akakiondoa haraka.

"Haya ni ya zamani," mtu akasema. "Miaka ishirini, thelathini."

"Na nyumba zinajengwa za miaka mingapi?" nikauliza.

Bi Zawena aliisimamisha fito chini ya mgunga, akainyoosha juu kwa mkono wake wote, mrefu kama alivyo. Haikulifikia dumu. Akaruka. Haikulifikia. Akaishusha fito, akabaki ameishika kama mkongojo.

"Mwanangu wa mwisho," akasema, kwa sauti ambayo sikujua anayo, "analala usingizi wa ajabu. Hata ukimpigia ngoma haamki."

Akalitazama tena lile dumu.

"Miaka sita kambini," akasema tena, na hapo ndipo akakasirika, si kwangu, sijui kwa nani. "Miaka sita! Nimeonja mlango wangu siku moja!" Akaipiga fito kwenye mchanga. "Haya. Saa ngapi sasa? Leteni watoto."

*

Tulihesabiana mlangoni mwa banda. Sabini na sita. Wengine waliokuja korongoni waligeukia mahema yao, na sikuwasemesha. Kila mtu alishaona alichoona.

Mhandisi alitandika ukanda mweupe mbele ya Mchoraji, hatua kumi na mbili, mtoto atembee juu yake. Mji wa mwanga ulikuwa umetandazwa kama jana. Niliapa kwanza, kwamba nitakayosema mbele ya nguzo ile ni kweli. Halafu nikamsogeza Hadia.

"Nimekosa, mama?" akaninong'oneza.

"Hujakosa. Nilikutuma."

Akatembea. Kwanza kwa uoga, kisha, hatua ya sita au ya saba, akasahau akaruka kidogo kama anavyoruka siku zote. Mchoraji akasema, kwa sauti yake isiyo ya mume wala ya mke: "Nyayo za bangili namba mia na nne si za Siwema Ngwele. Ni za huyu." Na nyumba ya tatu kutoka shuleni ikazimika. Nilidhani nitalia. Sikulia. Nilikuwa nahesabu.

Akafuata mtoto wa Bi Zawena, anapiga miayo. Nyumba ikazimika. Akafuata mwingine. Kila mtoto alipopita, mama yake alisimama wima pembeni, mikono imekunjwa kifuani, anatazama jina lake likienda. Hamsini. Sitini. Wakati fulani katikati mtoto mmoja alikataa kutembea, akateleza ukanda mzima kwa makalio yake kama anavyofanya korongoni, na hata Mhandisi alicheka.

Mtoto wa sabini alipomaliza, mwanga wote ulitetemeka. Shule ikajiondoa. Zahanati ikajiondoa. Soko likakunjika. Barabara zikajivuta kama nyuzi, zikapanda, zikaanza kujipanga upya kaskazini, kwenye mwinuko wa upepo, na pale chini pakabaki pameinama, papana, hapana kitu.

Mhandisi akawapitisha na wale sita waliobaki, kwa kuwa walishajitokeza. Kisha akageuka kwangu. Nguzo ile nyeusi ilikuwa inasikiliza.

"Siwema Ngwele. Kuna mwingine unayemjua aliyetoa bangili yake?"

Mama Siku alikuwa amesimama mlangoni. Sikudhani amesimama mbele yake, na mama mtu amemwekea mikono miwili mabegani, ameikaza, kama mtu anayezuia kitu kisipeperuke. Alinitazama. Hakutikisa kichwa wala hakuomba. Alinitazama tu.

"Hakuna," nikasema.

*

Mpaka leo lile korongo halijapitisha maji. Nawaambia ukweli wote, na huo umo. Mwaka wa tatu huu. Mji wa Tisa uko juu kwenye mwinuko, una shule na bomba, na kuna wanaokaa humo, waliokaa kimya siku ile, wanaotuita wanawake wa mafuriko. Tukipita wanatuuliza kama tumeleta mitumbwi. Watoto wao wanalala juu kwa sababu yetu. Mama zao wanalijua hilo vizuri sana, ndiyo maana wanacheka kwa nguvu.

Malori ya kuturudisha kambini yalikuja siku ya tatu. Baadhi walipanda, siwalaumu. Sisi arobaini na mmoja tulibeba mikeka na sufuria tukavuka nguzo nyeupe za mpaka wa mji, tukashika kilima kinachotazamana na mji. Mhandisi alitufuata mbio na karatasi zake.

"Kule hakuna maji wala mashine," akasema.

"Kuna katazo?" Bi Zawena akamuuliza.

Alipekua karatasi muda mrefu kuliko inavyotakiwa kwa mtu anayezijua.

"Halijaandikwa," akasema, akazikunja.

Hatukuwa na Mchoraji, tulikuwa na kamba ya kuanikia nguo na vigingi vya hema. Tulianza na choo, kwa kuwa bila choo watu arobaini na mmoja na watoto wao hawamalizi wiki. Tulibishana asubuhi nzima. Mmoja anataka karibu kwa ajili ya wajawazito, mwingine anataka mbali kwa ajili ya nzi, Bi Zawena anataka anapotaka Bi Zawena. Mwisho tulipiga vigingi vinne, tukafunga kamba, tukarudi nyuma kuutazama mji wetu wa kwanza, ambao ulikuwa mraba mtupu wa choo.

Ndipo nikamwona Mama Siku. Alikuwa amesimama kwenye nguzo nyeupe, upande wa ndani, ndoo moja kichwani, nyingine mkononi, zote zimejaa. Maji ya mgawo wake wa siku ile. Tuliangaliana. Akatulia, akageuza uso, akausikiliza upepo kwenye shavu.

"Wajinga nyie," akapaza sauti. "Choo mmekiweka upepo unakotokea! Mtakula na kunusa?"

Tukageuka wote kutazama vile vigingi. Alikuwa sawa.

"Basi kiwekwe wapi?" nikamuuliza.

Mikono yake ilikuwa na ndoo, kwa hiyo alituelekeza kwa kidevu. Bi Zawena alitukana kidogo, akainama, akang'oa kigingi cha kwanza.